Mdomo wa Bastola ya Baba

Baba alipofariki, kaka zangu wawili waligawana vitu vingi na mimi kwa upole, lakini bastola hakuna aliyeitaka. Mmoja anaishi Dar es Salaam, mwingine Mwanza, na wote walisema neno moja: irudishwe polisi, ikae huko moja kwa moja. Mimi ndiye niliyebaki kijijini Sapiwi na mama. Asubuhi ninafundisha shule ya msingi, jioni ninakuwa mtu wa ng'ombe, kwa sababu zizi la baba halikufa pamoja naye.

Matanga yalipokwisha niliifunga ile bastola kwenye kitenge, nikaipeleka kituoni Bariadi kama sheria inavyotaka. Wakaipokea, wakaiandika, wakaifungia. Nilipofika mlangoni nikasimama, nikarudi kaunta, nikauliza mtu akitaka kuirithi anafanyaje. Sijui nani alishangaa zaidi, askari au mimi.

Ilikuwa rivolva ya zamani, ya risasi sita, mpini wake wa mti umelainika kwa mkono wa mtu mmoja. Baba aliipata kwa kibali nilipokuwa darasa la nne, baada ya kupigwa na kunyang'anywa ng'ombe njiani akitoka mnadani upande wa Meatu. Sikuwahi kumwona akimwelekezea mtu. Mara moja kwa mwaka, pamba ikishauzwa, alikwenda nyuma ya boma, akaweka kopo juu ya kichuguu, akahesabu hatua ishirini na tano, akapiga. Kopo liliruka. Sisi watoto tulikimbia kuliokota, na yeye alirudi nyumbani akijifanya hakuna kitu.

Kwenye fomu ya maombi niliandika kwamba ninaihitaji kwa ajili ya usalama nikisafirisha mifugo. Hilo lilikuwa kweli. Njia ya kwenda mnada wa Lingeka, huko Meatu, ni ile ile aliyopigiwa baba, na sasa fimbo ya kuswaga ilikuwa mkononi mwangu. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo fomu haikuwa na mstari wake.

Miaka miwili kabla hajafa, alfajiri moja, fisi aliingia upande wa ndama. Baba alitoka na fulana tu, bastola mkononi. Fisi alikuwa ameshamshika ndama mguu wa nyuma, anamvuta kuelekea kwenye uwazi wa ua. Kati yao na baba zilikuwa hatua thelathini hivi. Alipiga mara tatu. Vumbi liliruka kushoto, likaruka kulia, la tatu sikuliona. Fisi aliachia na kukimbia kwa sababu ya kelele, si kwa sababu ya risasi, na yule ndama alikufa kabla jua halijapanda. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimejifunga kanga. Kabla sijafikiri nikasema, "Baba, weka hicho kitu. Macho yako yamekwisha."

Aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kuisafisha. Mwaka ule, baada ya pamba, hakwenda kwenye kichuguu. Mwaka uliofuata pia hakwenda. Wiki chache baada ya fisi alinikabidhi fimbo yake ya mnadani, akasema miguu inamuuma. Nilimwona akianza kuishi kama mzee sana, akiomba kushikwa mkono kwenye ngazi mbili za kanisa, ngazi alizokuwa akizipanda bila kuzitazama. Sikumwomba radhi. Kila siku nilisema nitamwambia kesho, mpaka akaugua.

Basi nikaanza kufuatilia kibali. Ilichukua miezi. Mwishowe nikaambiwa lazima nionyeshe kwamba ninaweza kuitumia silaha bila kuhatarisha watu. Aliyepewa kazi ya kunifundisha na kunipima alikuwa sajenti mmoja mtu mzima, mwenye sauti ndogo, ambaye alinifundisha siku tatu bila risasi hata moja: namna ya kuishika, namna ya kuangalia kama ina kitu ndani, namna ya kuiweka chini. Siku ya nne tukaenda kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji, yasiyotumika tena. Alikuwa amebandika karatasi yenye duara kwenye gunia la mchanga. Akahesabu hatua ishirini na tano, na mimi nikakumbuka kichuguu.

Nilipiga sita. Nilijitahidi kufanya kila alichonifundisha. Tulipokwenda kutazama, karatasi ilikuwa na matundu matatu, moja juu kabisa pembeni, mawili chini, kila moja limekwenda njia yake. Matatu hayakuwepo.

"Mkono wako haukutetemeka," sajenti alisema. "Nilikuwa naangalia mkono, si karatasi."

"Labda ni macho, afande. Kwetu ni ya ukoo."

Hakucheka. Alichukua bastola, akaweka risasi tatu, akasimama pale nilipokuwa nimesimama. Mtu yule alikuwa amefundisha askari wengi kulenga shabaha. Alipiga taratibu, akivuta pumzi kila mara. Tukaenda tena kutazama. Moja ilikuwa imegusa ukingo wa duara. Nyingine mbili zilikuwa zimepotea kama zangu.

Angeweza kuandika kwamba nimeshindwa, na hakuna ambaye angemuuliza. Mwanamke, mwalimu, mara ya kwanza kushika silaha. Maelezo yalikuwa tayari. Badala yake aliigeuza bastola, akatazama mdomo wake, akasema, "Tusikulaumu bado. Hii ikaonwe na fundi." Siku ile ile aliandika barua.

Fundi mwenye leseni ya silaha alikuwa na karakana yake kando ya barabara ya kwenda Lamadi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchonga vyuma: shafti za mashine za kusaga, meno ya majembe ya kukokotwa na ng'ombe, bolti ambazo haziuzwi tena madukani. Leseni ya silaha ilikuwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, imewekwa juu kuliko picha ya harusi yake. Nilikwenda na askari wa kike ambaye ndiye aliyebeba bastola, kwa kuwa bado haikuwa yangu, na agizo lake lilikuwa asiiache hata dakika moja.

"Mwangaluka, mayu," fundi alinisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka."

Alisoma barua mara mbili, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akahakikisha bastola haina risasi, akaitoa silinda. Kisha akavaa jichoni lensi ya mafundi saa, akamulika mdomo wa mtutu kwa tochi. Alitazama muda mrefu hadi askari akaanza kuchezea simu yake.

"Nahitaji pamba," fundi alisema.

"Ya hospitali?" askari akauliza.

"Yoyote."

Ilikuwa msimu. Malori ya pamba yalikuwa yakipita kuelekea kiwandani tangu asubuhi, na kila lilipopita kwenye tuta la barabara liliacha vishungi vyeupe kwenye majani. Fundi alitoka mwenyewe, akainama, akaokota kishungi kimoja, akakitoa takataka. Aliporudi alikisokota kidogo, akakiingiza mdomoni mwa bastola, akawa anakivuta kutoka ndani kwenda nje, upande mmoja baada ya mwingine. Juu kiliteleza. Kulia kiliteleza. Chini kushoto kiliacha nyuzi. Akanipa lensi.

"Njoo uone. Zimenaswa."

Niliona. Ukingo wa tundu ulikuwa duara safi karibu kote, lakini chini kushoto ulikuwa umelika, na pale ulipolika palikuwa na vijino vidogo vya chuma, na kwenye vijino hivyo nyuzi za pamba zilikuwa zikipepea.

"Sisi mafundi huu ukingo tunauita taji," alisema. "Ndiyo mahali pa mwisho risasi inapogusa kabla haijaenda. Nguvu yote iko nyuma yake inaisukuma. Taji likiwa sawa, nguvu inatoka pande zote kwa pamoja, risasi inaondoka imenyooka. Likiwa na pengo, nguvu inachungulia upande huo kwanza, inaipiga risasi teke la nyuma. Umewahi kumimina maziwa kwa kibuyu kilichomeguka mdomo?"

"Nimemimina."

"Hata uwe mwangalifu namna gani, yanakwenda upande. Ni hivyo hivyo." Akaigeuza tena kwenye mwanga. "Aliyekuwa anaisafisha alitumia nini?"

"Spoku ya baiskeli, amefunga kitambaa kwenye ncha. Kila Jumapili akitoka kanisani."

"Hata kama hajaipiga?"

"Hata kama hajaipiga. Tangu niko darasa la nne."

Alitikisa kichwa, lakini si kama mtu anayelaumu. "Aliipenda. Sasa tatizo, bastola ya namna hii huwezi kuisafisha kwa nyuma, fremu inakuzuia. Lazima upitie mdomoni. Na spoku ni chuma kigumu, inalalia ukingo pale pale kila mara." Akaweka kidole hewani kama ameshika spoku, kwanza kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, akitazama ule upande uliolika. "Mzee alikuwa wa mashoto?"

Baba alikuwa wa mashoto. Alipigwa kwa ajili hiyo shuleni, akajifunza kuandika kwa kulia, lakini kazi zote za peke yake, kunyoa ndevu, kuchonga mpini, kusafisha bastola kwenye kigoda, alizifanya kwa kushoto. Na huyu mtu ambaye hakuwahi kukutana naye alikuwa amemtambua kwa alama iliyo ndogo kuliko punje ya mtama.

"Ndiyo," nilisema. Kisha nikamweleza habari ya kopo la kwenye kichuguu, ya fisi, na maneno niliyoyasema mlangoni. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Askari aliweka simu chini.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Mayu, macho ya baba yako mimi sikuyaona, siwezi kuyasemea," alisema. "Hatua thelathini, alfajiri, kwa mtutu mfupi kama huu, na mnyama anajongea, hata mimi ningeweza kukosa taji likiwa zima. Nisikudanganye. Ninachojua ni hiki: kwa taji hili, lile kopo la kwenye kichuguu asingelipata tena, hata angekuwa na macho ya kijana."

Nimemshukuru mtu yule kwa mengi, lakini zaidi kwa kuwa hakunipa zaidi ya alichokijua. Angenifariji kwa uongo, ningeujua, na ningekosa hata ule ukweli uliokuwepo.

Kazi yenyewe ilianza saa nne asubuhi. Aliibana bastola kwenye jiliwa, ameizungushia ngozi isikwaruzwe, akasukuma kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu ili uchafu usiteremke. Alikuwa na kikatio kidogo cha meno chenye kipini katikati. Kipini huingia kwenye tundu la mtutu na kukishika kikatio kisiyumbe. Kile alichokuwa nacho kilicheza kidogo. Basi akawasha mashine yake, akachonga kipini kipya cha shaba, akakipima, akakijaribu, akakirudisha kwenye mashine, akakipima tena. Mara ya tatu kiliingia kwa kubembelezwa, na akaridhika. Kisha akazungusha kikatio kwa mkono, bila umeme, nusu mzunguko kwa wakati mmoja, akipuliza, akitazama kwa lensi, akirudia. Chuma kilitoka kama unga.

"Ukiwa na haraka hapa," alisema, "unampa mtu kasoro mpya badala ya ile ya zamani."

Ukingo uliolika ulipokwisha, ukabaki uso mpya, mnyoofu lakini wenye ukali. Hapo akachukua bolti ya shaba yenye kichwa cha mviringo, akakipaka ile dawa ambayo mafundi magari wanasagia valvu, akakibana kwenye drili ya mkono, ile ya kuzungusha kwa kishikio. Alikigusisha kichwa cha bolti mdomoni mwa mtutu, akawa anazungusha polepole huku kiwiko chake kikichora duara hewani, ili kisisage upande mmoja. Askari alikuwa amesimama kwa muda sasa, anashika tochi bila kuombwa. Tulikunywa chai, tukala matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, niliyofungiwa na mama, na fundi akaendelea.

Ilipofika saa nane alifuta kila kitu kwa mafuta ya taa, akatoa kitambaa, akanikabidhi kishungi kipya cha pamba.

"Jaribu wewe."

Nilikiingiza nikakivuta juu, kulia, chini. Nilipofika chini kushoto mkono wangu ulipunguza mwendo wenyewe. Pamba iliteleza. Nikarudia. Haikuacha hata uzi. Ukingo ulikuwa umezungukwa na pete nyembamba inayong'aa, upana wake sawa kila mahali, na nikajisikia furaha na uchungu kwa wakati mmoja, kwa sababu alama ya mkono wa kushoto wa baba ilikuwa imebaki kwenye unga wa chuma juu ya meza, na fundi alikuwa anaifagia.

Labda aliona uso wangu. Alisema, "Mpini sijaugusa." Nilitazama. Ulikuwa kama ulivyokuwa, umelainika pale pale.

Kabla hatujaondoka alinichongea ufito wa shaba na kipande chenye tundu cha kuweka mdomoni ili ufito ukae katikati. Alinifundisha kuutumia. "Na si kila Jumapili," aliongeza. "Kama hujaipiga, futa kwa nje, inatosha."

Wiki iliyofuata tulirudi machimboni. Sajenti alibandika karatasi mpya, akahesabu hatua zile zile. Nilipiga sita. Tano zilikuwa ndani ya duara, zimekaa karibu karibu kiasi kwamba ningeweza kuzifunika kwa sahani ya chai. Ya sita ilikuwa juu, nje ya karatasi, kwenye gunia.

"Na hiyo?" sajenti akauliza.

"Hiyo ni yangu, afande. Nilifumba macho."

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Vizuri. Sasa tunajua ipi ni ya nani." Akaandika nimefaulu. Kibali kilitoka baadaye, na bastola ikarudi Sapiwi kwenye sanduku la chuma lenye kufuli mbili. Sijaipiga tangu siku ile. Naomba nisiwe na sababu.

Mama alikuwa uani anakata viazi vya michembe, vya kuanika juani, nilipomweleza. Nilimweleza yote kwa Kisukuma, taji, spoku, mkono wa kushoto, na yale fundi aliyokataa kuyasema. Nikamwambia na maneno yangu ya mlangoni, ingawa siku ile alikuwa nyuma yangu na aliyasikia.

Aliendelea kukata viazi. "Yalimuuma," alisema. "Sitakwambia hayakumuuma."

"Najua."

"Lakini alisema jambo lingine tulipomzika yule ndama. Alisema, wengine wote wataniambia bado una nguvu, mzee, mpaka ng'ombe waishe. Alisema, huyu ameniambia ukweli. Zizi nitampa huyu."

Nilikaa chini pale pale kwenye maganda ya viazi. Miaka yote nilidhani alinikabidhi fimbo kwa sababu nilikuwa nimemvunja. Mama alininyooshea kisu cha pili, nikaanza kukata naye mpaka beseni likajaa.

Jumamosi iliyofuata mama alisema anataka kumwona huyo fundi. Alichagua jogoo mwenyewe, akamfunga miguu, akavaa gauni lake la kanisani. Tulimkuta fundi amelala chini ya mashine ya kusaga ya mtu, miguu tu inaonekana. Alitoka, akajifuta, akampokea jogoo kwa mikono miwili.

"Wabeja, mayu," alimshukuru.

"Wabeja wewe," mama akajibu.

Nilidhani watazungumza habari za bastola. Hawakuigusa. Mama alimuuliza kwao ni wapi, fundi akasema Mwamanyili, na mama akasema shangazi yake aliolewa huko, basi wakaingia kwenye mambo ya mpunga wa kule ziwani na mvua zilizochelewa huku kwetu, na nani bado yuko hai na nani hayupo. Walikaa hivyo karibu saa nzima, fundi kachuchumaa, mama kwenye benchi, mimi nimesimama na jogoo ambaye fundi alikuwa amenirudishia nimshikie.

Tukiwa njiani kurudi mama alisema, "Ni mtu mzuri. Baba yako angempenda." Kisha akaniuliza kama nimekumbuka kununua dawa ya kupe, na nilikuwa nimesahau, tukarudi mjini pamoja kuinunua.